Barabara Mbili za Reli Moja: Muhoroni na Kisumu

Mama anayekanda unga wa mahamri usiku akauacha uumuke hadi alfajiri, huenda ana Muhoroni mara mbili ndani ya bakuli lake bila ya kujua. Sukari hutoka huko, na kando ya kiwanda cha sukari kipo kingine kilichojengwa kuitumia molasi, yaani mabaki meusi ya sukari, kutengenezea hamira na spiriti. Hiyo spiriti tuwaachie wenyewe. Mji huo niliuzuru mwezi uliopita, nilipoalikwa kwenye nikaha ya jamaa yetu, kisha nikateremka Kisumu kabla ya kurejea Pwani. Siku zangu zilikuwa nne, na mtu aliyelelewa dukani humaliza siku zake ugenini akitazama maduka ya wenzake.

Muhoroni ni mtoto wa reli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliteremka kutoka nyanda za juu, ikapita hapo, na kufika ziwani mwezi Disemba 1901. Nyuma ya reli walikuja wenye maduka. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wahindi walipewa mashamba katika bonde la kati ya Kibos na Muhoroni, wakapanda miwa, na karibu na stesheni yakainuka maduka yenye paa la mabati na baraza mbele, ambayo mtu wa Pwani akiyaona hahitaji kuelezwa mlango uko wapi. Miaka ya 1960 ilileta kiwanda cha sukari, na tangu hapo mtaa wa maduka ukawa unakula kwa mikono miwili: mshahara wa mfanyakazi kila mwisho wa mwezi, na malipo ya mkulima kila miwa inapokatwa.

Mikono yote miwili ilikuja kudhoofika. Kiwanda kilielemewa na madeni, na tangu mwaka 2001 kikawa chini ya wasimamizi waliowekwa kwa ajili ya wadai. Wakulima wakazoea kupeleka miwa leo na kungoja malipo miezi kadhaa. Mkulima aweza kungoja, kwa kuwa hana budi. Lakini muuza vitambaa hawezi kumngoja mteja anayemngoja mwenye kiwanda. Mwaka 2025 Serikali ilikikodisha kiwanda kwa kampuni binafsi kwa muda wa miaka 30, na watu wa mji wameanza tena kuhesabu matrekta ya miwa yanayopita, kama wavuvi wanavyohesabu majahazi.

Nilitembea mtaa huo asubuhi nzima. Penye baraza iliyokuwa ya majora ya vitambaa pana kijidirisha cha M-Pesa. Panapofuata ni kinu cha kusaga mahindi, na unga umeyafanya maandishi ya zamani ya ukutani yasisomeke. Mafuta ya kupikia huuzwa kwa kupimwa, sabuni kwa kukatwa vipande. Cherehani nilizikuta mbili. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi penye kivuli aliniambia, “Shekhe, zamani nguo za Idi na za Krismasi zilitoka duka moja hapa. Siku hizi mwenye pesa hupanda matatu akaenda Kisumu, na asiye nazo hununua mtumba.” Nikaona ni vyema nami nipande matatu, nikaone wenye pesa wanafuata nini.

Njia ni ya kilomita 50 na ushei, miwa kushoto na miwa kulia. Unapita Chemelil, kisha Miwani, ambako kiwanda cha tangu miaka ya 1920 kimenyamaza kwa zaidi ya miaka 20. Karibu na mji upo Kibos. Hapo ndipo makazi ya ndugu zetu Wanubi yalipobomolewa mwezi Februari 2021, ili reli ifufuliwe, na maelfu ya watu wakabaki bila ya paa. Hao ni kizazi cha askari waliotumikia jeshi la mkoloni. Ilipofika Disemba ya mwaka huohuo, treni ya abiria ya kwenda Kisumu ilirudi relini baada ya miaka mingi. Abiria wake hupita Kibos wakitazama dirishani, na sidhani wengi wao wanajua wanapita wapi.

Kisumu ni mji wa biashara tangu jina lake, kwani wenyeji husema limetokana na neno la Kijaluo la kwenda kubadilishana vitu ili kupata chakula. Wafanyabiashara Waislamu walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufungua maduka baada ya reli. Alidina Visram, ambaye wakazi wa Mombasa wanalijua jina lake kwa ajili ya shule, alikuwa na biashara hadi huku. Msikiti wa Jamia ni wa mwaka 1919. Ukitoka msikitini unaingia mara moja katika mitaa ya maduka, na mkubwa wa mitaa hiyo ni Barabara ya Oginga Odinga, inayoelekea upande wa ziwa.

Barabara hii imeona mengi. Yapo maduka yaliyochomwa katika machafuko baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, na baadhi ya wenyewe hawakurudi. Lakini badiko ninalotaka kulizungumzia lilikuja kwa usalama, kwa ramani na mkandarasi. Bandari ilikuwa ikifufuliwa, na mwaka 2019 vibanda vya samaki vya Lwang’ni, vilivyokuwa ufuoni na kujulikana na kila mgeni, vikaondolewa. Mwezi Mei 2022 mji ukapokea mkutano wa Africities, wa miji ya Afrika nzima. Katika miaka hiyo Barabara ya Oginga Odinga, Ang’awa Avenue na Barabara ya Jomo Kenyatta, ambazo pamoja hufanya umbo la pembetatu, zilipanuliwa njia za waendao kwa miguu, na vibanda vya kando vikatoweka.

Nitasema la haki. Njia hizo ni nzuri. Nilimwona mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi akitembea bila ya kuruka mtaro wala kuguswa na tuktuk, na kijana wa kiti cha magurudumu akienda peke yake. Miji yetu ya Pwani ina maeneo ambayo mwanamke mwenye buibui hulazimika kushindana na pikipiki kwa kila hatua, na anayesema kwamba hali hiyo ina uzuri wake wa kienyeji, basi hajatembea na watoto. Siwalaumu waliotaka njia pana.

Ila njia ilipopata thamani, kila kilichopakana nayo kilipata bei. Penye duka moja la zamani sasa pana vijiduka sita, kila kimoja upana wa mlango wake, vinauza vifuniko vya simu na manukato. Mwenye jengo hudai kilemba kabla ya kodi. Huko hukiita gudwili, ingawa sikuona wema wala utashi ndani yake. Fundi aliyekuwa akiweka cherehani barazani kwa mapatano na mwenye duka hana tena wa kupatana naye, kwa sababu aliyepanga upana wa mlango hana baraza ya kumgawia mtu. Na juu kabisa ya ngazi utakuta wenye majumba makubwa ya biashara, ambamo kuingia ni bure na kukaa ni ghali.

Wachuuzi hawakutupwa wote, na hili pia lisemwe. Yalijengwa masoko: soko la Jubilee lilifanywa upya, na pako Uhuru Business Complex, jengo kubwa karibu na reli, lililokusudiwa wale walioondolewa. Nilikwenda huko. Ni safi, lina paa, vyoo na maji. Katika safu ya nguo nilizungumza na mama mmoja, Mjaluo Mwislamu, muuza leso na dera, ambaye kwa miaka 14 alikuwa akiuza kando ya barabara karibu na msikiti.

“Hapa ni pazuri, ustadh,” akaniambia. “Mvua hainyeshei mali yangu. Lakini kule mteja alikuwa akinikuta njiani pake. Anatoka kazini, anaona leso, anakumbuka kwamba dada yake amejifungua. Hapa ni lazima awe ameniwaza tangu nyumbani.”

Nilimwuliza wateja wake wa zamani wamekwenda wapi. Akacheka. “Wameoa duka jingine.”

Neno lake lilinirudisha darasani, kwenye mkeka, tulikokuwa tukisoma Minhaj ya Imamu Nawawi. Katika mlango wa manufaa ya pamoja wanazuoni wa madhehebu yetu wanaeleza kwamba barabara asili yake ni ya kupita, lakini mtu anaruhusiwa kuketi hapo na kufanya biashara maadamu hawabani wapitao, na hahitaji idhini ya mtawala. Tena akiondoka kwa nia ya kurudi, haki yake ya mahali pale haipotei. Hupotea pale tu anapokuwa mbali kwa muda mrefu hata wateja wake wakamkatikia na kumzoea mwingine. Nilipoisoma mas’ala hii nikiwa kijana niliiona kavu. Mbele ya mama yule niliona kwamba waliiandika watu wanaolijua soko: walichokipima ni wateja, wala hawakupima futi za ardhi. Mchuuzi anaweza kupewa futi zilezile mahali pengine, zikaezekwa, zikapigwa rangi, na riziki yake ikawa imebaki kule.

Basi kosa halipo katika kupanua njia. Lipo katika muda na umbali. Mji ungeweza kupanua upande mmoja kwanza, ukawahamishia wachuuzi upande wa pili wa barabara hiyohiyo, wateja wao wakiwaona, kisha ukawarudisha kwa nafasi zilizochorwa ardhini na ada ndogo inayojulikana. Njia zilizojengwa ni pana. Nilizipima kwa hatua zangu, na sehemu nyingi zingetosha safu moja ya wauzaji na bado watu wanne wapite sambamba. Hili halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji chokaa, na mtu wa kaunti anayejua kuandika majina ya watu kabla ya kuwaondoa. Na majina mengi yangekuwa ya wanawake, wengine wajane, wanaolipa karo kwa faida ya siku hiyohiyo.

Muhoroni barabara ilibadilika kwa sababu fedha zilitoka, na Kisumu kwa sababu fedha zimeingia. Aliyepoteza kote kuwili ni yule wa barazani. Wa Muhoroni alipoteza wateja kwa umaskini wao, na huyu wa Kisumu wateja wake wapo, wana pesa, na wanapita kila siku mahali asipokuwapo.

Siku ya mwisho nilikwenda kuswali Magharibi Jamia. Nilipotoka, taa za barabarani zilikuwa zimewashwa na askari wa kaunti walikuwa wamekwisha kwenda zao. Kina mama walikuwa wakitoka katika vichochoro mmoja mmoja na magunia kichwani. Walitandika karatasi za plastiki kwenye njia mpya, wakapanga omena, nyanya, viatu vya watoto, leso. Watu waliotoka kazini walipunguza mwendo. Mmoja wa kina mama alikuwa ameweka bidhaa zake zote juu ya shuka iliyofungwa kamba pembe nne, ili akisikia mbio avute mara moja na kuondoka na duka lake lote. Nilinunua leso mbili kwake. Hakuwa na chenji, akamtuma jirani yake.