S.L.P. Ya Nani?

Gatongora intaneti imefika hadi kwa ploti, lakini anwani hatuna. Channel yako ya YouTube ikifikisha dola 10, Google wanakutumia PIN kwa barua. Barua ya karatasi, wasee! Miezi 4 ikiisha hujaiweka, matangazo yanasimama.

Sasa itakupata wapi? Barua ya kawaida haiji mlangoni, inaishia kwa sanduku, Ruiru 00232. Na sanduku unalipia mwaka mzima hata kama unangoja barua moja.

Wengi huazima S.L.P. ya shule ama kanisa. Mimi niliacha campus, ya shule ikaenda hivyo.

Kuna mPost, namba ya simu inageuka anwani. Nayo inalipiwa, lakini ni yako. Ukipangia bando, pangia na anwani.