Ile Moja Iliyo Ndani ya Kumi na Sita

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia kwamba umepangiwa darasa la pili hapo Nduruma. Unasema watoto wanahesabu hadi mia bila kukwama, ila wakipewa 503 kutoa 278 wengi wanaandika 375.

Jibu hilo lisikukatishe tamaa. Mtoto aliyeandika 375 hakubahatisha. Kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: nane kutoa tatu, saba kutoa sifuri, tano kutoa mbili. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu. Anachokosa ni kuiona 503 kuwa mamia matano na mamoja matatu, ndiyo maana hajiulizi inakuwaje mtu mwenye mia tano atumie karibu mia tatu halafu abaki na karibu mia nne.

Shida hii ni ya Tanzania nzima. Wanafunzi wa darasa la pili walipopimwa stadi za kusoma na kuhesabu mwaka 2013, hesabu nyepesi waliziweza zaidi, lakini wakaporomoka zilipokuja zile ngumu kidogo na zile za kutambua namba inayokosekana. Mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili ukarudisha mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Hata hivyo, katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, waliofaulu hisabati walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Kijana anayeshindwa aljebra mara nyingi alipotelea kwenye makumi na mamia, na hakuna aliyerudi kumtafuta.

Miaka ya 1980, mtafiti Constance Kamii wa Marekani aliwapima watoto kwa jambo dogo sana. Mtoto anapewa vitu kumi na sita, anavihesabu, kisha anaandikiwa 16. Anaulizwa: hii 6 inasimamia vingapi? Anaonyesha sita. Na hii 1? Wengi walionyesha kitu kimoja. Vitu tisa vikabaki mezani bila mwenyewe, na watoto hawakuona kasoro yoyote. Sijui zoezi jingine linalomfunulia mwalimu akili ya mtoto kwa haraka namna hii, na linahitaji konzi moja tu ya maharage.

Dawa yake ni mikono. Vijiti, visoda, punje za mahindi: mtoto ahesabu kumi mwenyewe, afunge mwenyewe bunda, aliite kumi moja. Bunda likifungwa na mwalimu, mtoto hupokea kitu kilichokwisha kutengenezwa na haoni kwa nini kumi zimegeuka moja. Mabunda kumi yafungwe pamoja yawe mia. Siku ya 503 kutoa 278 itakapofika, hakuna mahali pa kuchukua makumi. Inabidi mia moja ifunguliwe iwe makumi kumi, kisha kumi moja ifunguliwe iwe mamoja. Zinabaki mia nne, makumi tisa na mamoja kumi na matatu, na jibu la 225 linatoka mbele ya macho ya kila mmoja. Kwa darasa lenye watoto wengi, wakae wawili wawili, mmoja afunge na mwenzake akague.

Kiswahili chenyewe kinasaidia, kisha kinatega. Kumi na tatu inajieleza, lakini thelathini haionyeshi tatu popote, kwa hiyo isemwe pia makumi matatu. Mtego mkubwa uko kwenye maelfu. Ukimwambia mtoto aandike elfu ishirini na tano, mmoja ataandika 25,000 na mwingine 20,005, na wote wawili wamesikia sawasawa. Mzungumzaji makini husema ishirini na tano elfu. Darasani, waandike zote mbili kwenye chati ya nafasi, waone sifuri zinavyoshikilia viti vya wasiokuwepo.

Watoto wa Nduruma wana utajiri ambao vitabu havina. Jumatano na Jumamosi mama zao wanapeleka mazao soko la Tengeru, na wenyewe hutumwa dukani mapema. Sarafu kumi za shilingi 100 ni noti moja ya 1,000. Noti kumi za 1,000 ni mwekundu mmoja wa 10,000. Mfumo mzima wa nafasi upo mfukoni. Tazama pia muuzaji anavyorudisha chenji ya kitu cha 3,700 kwa noti ya 5,000: anatoa mia tatu, anasema elfu nne, anaongeza elfu moja, anasema elfu tano. Hakuandika wala hakukopa. Ustadi huo uingizwe darasani kwa heshima zote, kabla ya hesabu za kusimamisha.

Na Mlima Meru uko dirishani, mita 4,566. Waulize ni sita ipi kubwa, na kwa kiasi gani.

Ombi langu ni moja. Wiki hii, kabla hujafundisha tena kutoa kwa kukopa, fanya zoezi la maharage kumi na sita na kila mtoto, mmoja mmoja, hata ikikuchukua siku tatu. Halafu niandikie ni wangapi wameonyesha kumi.

Mjomba wako