Dhamana ya Serikali na Kibanja cha Marehemu Babu

Jirani yangu hapa Minnesota, mtu asiyerithi shamba wala nyumba, amefungua ukumbi wa gofu, nami tangu aliponialika kuutazama moyo wangu haujatulia, kwa kuwa mtaji wake ameupata kwa njia ambayo mtoto wa kaka yangu, kule Miembeni, Bukoba, ameitafuta asiione.

Katika jimbo hili ambalo maziwa huganda hata magari yakapita juu yake, gofu ya nje hukoma kwa miezi mingi. Basi yeye amekodi lililokuwa duka la mazulia, akatundika maturubai meupe ukutani na kamera darini, ili mtu apigapo mpira ukalikita turubai kwa kishindo, mashine iupime mwendo na pembe yake, nao uonekane ukiendelea kuruka juu ya majani ya picha mpaka uangukie mchangani.

Fedha alipewa na benki. Walakini nyuma ya benki imesimama SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo iliyoasisiwa mwaka 1953, zama za Rais Eisenhower, ambayo kwa mkopo usiozidi dola 150,000 huidhamini benki hadi asilimia 85, na kwa ule unaozidi hapo, mpaka dola milioni 5, hadi asilimia 75. Wala si sadaka: jirani alitoa sehemu ya mtaji mfukoni mwake, akatia sahihi ya kujifunga yeye binafsi, na akishindwa atadaiwa. Sharti moja limenipendeza mno, kwamba klabu ya faragha, inayowafungia watu mlango, haipati dhamana hii. Nilizikumbuka klabu za zama za ukoloni, ambamo Mwafrika aghalabu aliingia uwanjani kwa kubeba mkoba wa mwingine.

Kijana wetu naye gofu alijifunza ng'ambo ya ziwa, Entebbe, kwa kazi hiyo hiyo ya kubeba mikoba. Amerejea Bukoba na azma ya kufungua kiwanja cha mazoezi: nyavu, mikeka, fimbo za kukodisha na ndoo za mipira. Meneja wa benki moja alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza, "Hati ipo?"

Hati ya nini? Miembeni amepanga chumba. Kilichopo ni kibanja cha ukoo Muleba, migomba na mibuni, na makaburi ya wazee katikati yake, na msomaji wa Kagera sina haja ya kumweleza maana ya kukiweka rehani. Kaka alinipigia simu usiku, sauti ikimtetemeka: "Mdogo wangu, mtoto anataka kumweka rehani baba."

Simlaumu mwenye benki kwa kuogopa, kwani hatujasahau Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilipoifunga Kagera Farmers' Cooperative Bank kwa upungufu wa mtaji. Na kusema kwamba kwetu hakuna dhamana ni dhuluma: Benki Kuu imepata kusimamia skimu ya dhamana kwa biashara ndogo, taasisi ya PASS imekuwa ikiwadhamini wakulima tangu mwaka 2000, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, mikopo iliyositishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Lakini PASS hutazama kilimo, na halmashauri humtaka kijana awe katika kikundi. Je, akusanye wenzake ambao hawajapata kushika fimbo ya gofu, ili tu jina la kikundi lipatikane?

Dhamana ya serikali kazi yake ni kumpunguzia mwenye benki hofu, apate kuitazama biashara kabla ya kuitazama ardhi. Kwetu hofu hiyo ameachiwa marehemu babu aibebe kaburini. Skimu ya Benki Kuu na ishuke hadi madirisha ya benki za Bukoba, meneja aijue na mkopaji aisikie ikitajwa, maana dhamana isiyojulikana dirishani haimfai mtu.

Nimekwisha kumwandikia kijana kwamba baba yake nami tutamnunulia nyavu mbili na mikeka ya kuanzia, aweke daftari la mapato kila siku, kisha arudi kwa meneja yule yule, akaiulizie dhamana kwa jina lake. Na karatasi ya kibanja asiiguse.