Ua la Usambara Lililohamia Madirishani mwa Ulaya

Katika nchi jirani ya Tanzania, msafiri atokaye Tanga kwenda Amani hufika kwanza Muheza, mji wa machungwa, kisha huiacha barabara kuu na kuanza kuipanda milima ya Usambara Mashariki. Mto Zigi husikika bondeni, joto la pwani hulegea kidogo kidogo, na kwenye kimo cha mita 900 hivi msitu humfunika pande zote. Humo, kando ya vijito, juu ya mawe yenye majimaji yasiyopigwa na jua kali, huota mmea mdogo ambao mtu mwenye haraka huupita bila kuuona. Majani yake ni manene, yenye malaika laini, nayo hutandaa duara kama sahani. Katikati huchomoza maua ya rangi ya urujuani, yenye kiini cha manjano.

Mmea huo, ambao majirani zake hawakupata kuuthamini kwa biashara, umekwisha kuizunguka dunia. Wajerumani huliita ua lake kwa jina la Usambara. Waingereza na Wamarekani huliita urujuani wa Afrika, na wengi wao hawajui lilitoka Afrika ipi.

Lilisafirije? Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani mwezi wa Desemba 1889, na utawala wao ukakaa juu ya pwani yote. Mkuu wa wilaya ya Tanga aliyefuata miaka hiyo, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa mpenzi wa mimea. Aliuona mmea huo mahali pawili: katika nyufa za mawe ya chokaa, mwendo wa saa moja tu kutoka mjini Tanga, na juu katika msitu wa Usambara. Alimpelekea baba yake Ujerumani, naye baba akamfikishia Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliutangaza kwa wataalamu kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya jamaa hiyo. Waingereza walikuwa wametangulia, kwani John Kirk aliupata mwaka 1884, naye padre W. E. Taylor, yule mwanachuoni wa Kiswahili wa Mombasa, mwaka 1887. Lakini vielelezo vyao havikutosha kuutambulisha. Hivyo jina likawa la mkuu wa wilaya. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jamii kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus, ila wauza maua hawakulitupa jina la zamani.

Mwaka 1926 kampuni moja ya bustani ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche kumi iliyo bora. Kutokana na hiyo ilianza biashara kubwa ya Marekani, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hili walianzisha chama chao. Mkataba wa kimataifa unaotambua haki ya kila nchi juu ya mimea yake ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 tu, karibu miaka mia baada ya mche wa kwanza kuvuka bahari.

Siri ya kuenea kwake imo katika jani. Mama wa nyumbani akikata jani moja pamoja na kikonyo chake na kukichomeka kikonyo katika udongo mwepesi wenye unyevu, baada ya majuma kadhaa watoto wa mmea huchipuka chini yake. Kwa jamaa ya askari au polisi, ambayo barua ya uhamisho huweza kuifikia wakati wowote, hilo si jambo dogo: bustani nzima huachwa, lakini jani huenda ndani ya kitambaa kibichi. Chungu kiwekwe dirishani penye mwanga wa asubuhi. Maji yasiwe baridi, wala yasimwagwe juu ya majani, maana huyatia madoa. Ni heri kuyatia katika kisahani na kuuacha udongo uyanywe kutoka chini. Mche ununuliwe kwa wauza maua, using'olewe msituni.

Kwani huko msituni ndiko kwenye hofu. Mmea huu hauna uwezo wa kulifuata dirisha jingine: kivuli kikiondoka, jiwe hukauka, nao hufa. Katika Usambara Mashariki magogo yalikatwa kwa mashine hadi miaka ya 1980, na chini ya miti iliyosalia wakulima walifyeka vichaka ili wapande iliki. Hata bustani ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilileta mgeni wake: msizi, mti ujulikanao sana Uganda, ambao ulitoroka na kuuvamia msitu wa asili. Mwaka 1997 zaidi ya hekta 8,000 zilitangazwa kuwa hifadhi.

Nchini Kenya wako ndugu zake wawili. Mmoja yumo katika msitu wa Mbololo, milimani Taita. Mwingine hushikilia mawe ya Cha Simba, karibu na Kaloleni, na vipande vichache vya msitu vilivyo jirani. Zaidi ya hapo, mtu akimtaka, amtafute katika vyungu vya Ulaya.