Usiulize Gari Inalia Nini, Uliza Inalia Lini

Watu wangu, leo tuongee kuhusu kitu ambacho karibu kila mwenye gari ya zamani huku kwetu anakijua, ila hatukiongelei vizuri: gari inapoanza kulia. Sizungumzii honi wala breki. Nazungumzia ule mlio wa chini, unaotoka upande wa magurudumu au gia boksi, unaoanza siku moja kama mzaha na baada ya wiki mbili umekuwa abiria wa kudumu.

Sisi wa Airport tumezoea kelele, siwadanganyi. Ndege zapita juu ya paa, malori ya kontena yanaunguruma Magongo mchana na usiku, na bodaboda ndo usiseme. Kwa hivyo gari ikianza kuvuma kidogo, dawa ya wengi ni kuongeza sauti ya redio. Wengine huenda gereji, na huko ndiko pesa huanza kuungua. Maoni yangu ni haya, na najua kuna mafundi watanuna: watu wanafilisika na haya magari kwa sababu wananunua spea kabla hawajajua wanatibu nini. Na fundi hayuko peke yake kwenye hiyo lawama. Mwenye gari naye ana mkono wake, nitafika hapo.

Chukua gari ya mjomba wangu, ambaye ameniruhusu niandike bora nisimtaje jina. Ni Toyota Fielder ya 2005. Iliingia Kenya 2012, yaani ikiwa na miaka 7, ndani ya ile sheria inayokataza kuleta gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka 8. Mjomba ni mwenyewe wa tatu. Watu hudhani sheria ya miaka 8 inamaanisha tunaendesha magari mapya mapya. Hiyo miaka inahesabiwa siku ya kuingia tu. Baada ya hapo hakuna anayehesabu mashimo, matuta, maji ya mvua yanayosimama barabarani, wala hewa ya chumvi ya bahari.

Mjomba hubeba wasafiri kutoka uwanja wa ndege wa Moi. Zamani safari ya Diani ilikuwa foleni hadi Likoni, feri, halafu foleni tena, na gari haikupata nafasi ya kukimbia. Siku hizi unapita barabara ya Dongo Kundu, husubiri feri, na gari inapata mwendo. Hapo ndipo mlio ulipojitokeza. Ukifika kilomita 60 kwa saa, vuuuuu. Ukifika 80, abiria wa nyuma anaanza kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Na akikata kona ya kubanana pale maegesho, kitu kingine: ka-ka-ka-ka.

Akaenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisikiliza dakika moja, injini ikiwa inanguruma papo hapo, akasema gia boksi imekwisha, tafuta nyingine iliyotoka Japani, elfu 60 pamoja na kufunga. Wa pili akasema ni tairi. Wa tatu akasema ni shafti zote mbili, kulia na kushoto. Mafundi watatu, magonjwa matatu, na hakuna hata mmoja aliyeendesha gari yenyewe. Mjomba akaanza kuulizia mkopo kwenye chama. Ana watoto wawili shuleni. Elfu 60 kwake ni karo, si pesa ya kubahatisha.

Halafu akaelekezwa kwa mzee mmoja fundi huko Chaani, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Mimi nilikwenda naye. Tukamwamkia, mjomba akaanza kueleza, "Gari yangu yalia, fundi wa kwanza alisema gia boksi..." Mzee akamkatiza.

"Sikuulizi wamesema nini. Yalia lini?"

"Yalia tu, mzee."

"Hapana. Ikiwa yatembea au imesimama? Ukikaza mafuta au ukiachia? Ukienda moja kwa moja au ukikata kona? Baridi au ikishapata moto?"

Kisha akasema kabla hajaanza anataka shilingi elfu moja ya kupima. Mjomba akashtuka. Elfu moja ya kusikiliza tu? Mzee akamjibu, "Basi nunua gia boksi, mimi nitasikiliza bure."

Elfu moja ikalipwa.

Kilichofuata hakikuhitaji kompyuta. Kwanza aliwasha gari ikiwa imesimama, akakanyaga mafuta. Kimya. Kumbe si injini, kwa sababu mlio wa injini hufuata mizunguko ya injini hata gari isiposogea. Tukaenda nayo barabarani, mimi nyuma nikirekodi na simu. Kwenye 80, vuuu ikaja. Akaachia mafuta, vuuu ikabaki. Akaitoa D akaiweka N kidogo, injini ikatulia, vuuu haikubadilika. Akaeleza kwamba hilo haliiondolei gia boksi lawama zote, maana gia za mwisho huzunguka na magurudumu hata ukiwa N. Lakini mlio unaofuata mwendo wa gari na haujali injini inafanya nini, unaanzia kuutafuta kwenye magurudumu. (Na ukijaribu hii usizime injini gari ikitembea, utapoteza nguvu za usukani na breki.)

Kisha, barabara ikiwa tupu, akayumbisha usukani polepole, kushoto, kulia. Akienda kushoto, vuuu inapanda. Akienda kulia, inapungua. Sababu yake ni nyepesi: ukikata kushoto uzito wa gari unalalia upande wa kulia, na beringi mbovu hulia zaidi ikibebeshwa. Kwa hivyo mshukiwa ni beringi ya kulia.

Lakini hakununua beringi bado. Alirudi, akahamisha tairi za mbele nyuma na za nyuma mbele, kwa sababu tairi iliyolika kwa mawimbi huvuma sawasawa na beringi. Mlio ungehama na tairi, basi ni tairi. Haukuhama. Mwishowe akainua gari, akaweka stendi (hakutegemea jeki peke yake, tafadhali shikeni hilo), akazungusha gurudumu kwa mkono huku vidole vya mkono mwingine vikigusa springi. Akaniita niguse. Wallahi upande wa kulia ulikuwa kama mchanga ndani ya chuma. Upande wa kushoto ulikuwa laini, kimya.

Na ile ka-ka-ka? Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mafundi watatu walipotea. Gari haikuwa na mlio mmoja. Ilikuwa na miwili, lakini mjomba alikuwa ameiita kwa jina moja: "yalia". Ka-ka-ka ilikuja tu usukani ukikatwa hadi mwisho huku gari ikivuta. Mzee akamulika tochi nyuma ya gurudumu la kushoto. Buti ya mpira ya jointi ya CV ilikuwa imechanika, na grisi imetapakaa ndani ya rimu.

Hiyo jointi ni kitu cha ajabu, na wengi wetu hatujui tumeikalia kila siku. Gurudumu la mbele lina kazi mbili kwa mpigo: kusukuma gari na kukata kona. Nguvu lazima ifike kwenye gurudumu lililopinda bila kukatikakatika. Mhandisi Alfred Rzeppa alitatua hilo miaka ya 1920, kwa mipira sita ya chuma inayokimbia ndani ya mifereji. Gari dogo la Kiingereza, Mini ya 1959, ndilo lililosaidia kueneza jointi za aina hiyo kwenye magari ya kawaida yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Mipira ile inaishi ndani ya grisi, na grisi inalindwa na kimpira tu. Kimpira kikichanika, grisi inarushwa nje, mchanga na maji vinaingia, mifereji inalika, na siku moja unakata kona unasikia ka-ka-ka. Ukikuta buti imechanika na jointi bado iko kimya, unasafisha, unatia grisi mpya na buti mpya, umemaliza. Ikishaanza kulia, buti mpya haitafufua chuma kilicholika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, wahenga hawakuwa na gari lakini walijua.

Sasa hesabu. Beringi 3,500. Jointi 4,500. Kazi pamoja na presi 2,500, kwa sababu beringi ile husukumwa kwa presi, ukiigonga kwa nyundo unaiua kabla haijatembea. Ongeza elfu moja ya kupima. Jumla 11,500. Na kama angefuata elfu 60 ya kwanza, angefunga gia boksi nyingine, halafu angetoka Dongo Kundu na vuuu yake ileile, deni juu. Mbaya zaidi, beringi ingeendelea kulika na abiria ndani. Beringi ikifika mwisho, gurudumu linaanza kucheza, na unapokuwa kwenye 80 hutaki gurudumu linalocheza.

Turudi kwa lawama. Kwa nini yule fundi wa kwanza alisema gia boksi kwa dakika moja? Unaweza kusema ni tamaa, na pengine ni kweli. Lakini angalia jinsi tunavyomlipa. Mteja akienda hospitali, analipa kumwona daktari, analipa maabara, na akiambiwa hana malaria hadai pesa zake. Akienda gereji, kupima lazima kuwe bure. Fundi akitumia saa nzima kuendesha, kuinua, kugusa, halafu akasema "kaza nati hii tu", ataondoka na asante. Akisema "badilisha gia boksi", atakula. Kama chuma kinalipwa na sikio halilipwi, basi utauziwa chuma. Hiyo si siri ya gereji, ni biashara ya kawaida.

Najua mtaniambia kuna fundi atakula hiyo elfu moja na bado abahatishe. Kweli, wapo. Ndiyo maana ukilipa kupima, dai kuonyeshwa. Fundi aliyepima ana kitu cha kukushikisha: springi inayotetemeka, grisi kwenye rimu, tairi iliyolika. Akikwambia "mimi nimezoea, ni hii tu", bado hajapima. Uzoefu ni mali, lakini yule mzee wa Chaani ana uzoefu kuwashinda wote na bado alihamisha tairi kabla ya kutamka.

Na kuna wanaosema haya ni mambo ya mafundi, sisi tuendeshe tu. Mimi sina cheti cha umekanika, hata cha chuo sina, wanaonifuata wanajua. Hakuna cheti kinachohitajika kujua kwamba gari yako inalia ukikata kona na si ukienda moja kwa moja. Wewe ndiye unayekaa ndani yake kila siku. Fundi anaisikia dakika 10. Ukimpelekea neno "yalia" peke yake, umemnyima nusu ya ushahidi.

Kwa hivyo wiki hii, ukiwa na gari ya zamani, zima redio siku moja. Funga vioo upande wa barabara ulio wazi, kisha vifungue ukipita karibu na ukuta, mlio hurudi vizuri. Tafuta mahali tupu, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole kulia, kisha kushoto. Chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele uone kama kuna grisi. Ikigonga kishindo kimoja unapotoka R kwenda D, andika hiyo kando, huenda ni mauntingi za injini, ni hadithi nyingine kabisa. Andika kwenye simu: mwendo gani, kona gani, moto au baridi, imeanza lini.

Halafu niandikieni hapo chini gari zenu zinalia vipi, tusaidiane. Ila mtu akiniandikia "bro gari inalia, ni nini?", jibu langu mnalijua tayari. Inalia lini?