Mchungaji Kijana Katika Mwaka wa Kipindupindu

Wakati wa neema kazi ya mchungaji wa kanisa huonekana kuwa nyepesi. Hubatiza, hufungisha ndoa, huhubiri siku ya Jumapili, na watu humwamkia kwa heshima njiani. Lakini taabu inapoingia katika nchi, iwe ni maradhi, njaa au vita, mtu yule yule huulizwa maswali ambayo hakufundishwa kuyajibu katika shule yoyote. Kwa nini amekufa huyu na yule ameachwa? Je, mchungaji aende nyumbani kwa mgonjwa, au akae mbali ili asiwaletee maradhi watu wake? Aombe tu, au atafute pia asili ya msiba? Maswali haya ni ya zamani, na yafaa kutazamwa katika maisha ya mtu mmoja aliyekutana nayo akiwa bado kijana. Naye ni Charles Haddon Spurgeon, mchungaji wa Kibaptisti wa London.

Spurgeon alizaliwa tarehe 19 Juni 1834 katika kijiji cha Kelvedon, jimbo la Essex, ambayo ni nchi ya wakulima. Baba yake alikuwa karani siku za kazi na mhubiri siku ya Jumapili, na babu yake alikuwa mchungaji. Yeye mwenyewe hakupita chuo kikuu. Mwaka 1854, kabla hajatimiza miaka 20, aliitwa kulitunza kanisa la New Park Street, mtaa wa Southwark, kusini ya mto Thames. Mtaa ule ulikuwa wa viwanda, maghala na nyumba za maskini zilizobanana. Kanisa lilikuwa na viti vingi na watu wachache. Lakini haikupita miezi mingi viti vikajaa, na waliokosa nafasi wakasimama hata njiani.

Huenda kijana mwingine angelewa kwa sifa. Yeye hakupata nafasi ya kulewa, kwa maana mwaka ule ule kipindupindu kiliupiga mji wa London. Kabla ya maradhi yale kuisha yaliua watu zaidi ya 10,000, na mitaa ya kusini ya mto ndiyo iliyoumia kupita yote. Spurgeon alieleza baadaye jinsi alivyoitwa nyumba baada ya nyumba kukaa kando ya vitanda vya wagonjwa, na jinsi karibu kila siku alivyosimama makaburini. Usiku mmoja, yapata saa tisa, aliitwa kwenda kwa mtu aliyekuwa akikaa karibu na daraja la London. Mtu huyo zamani alikuwa akimdhihaki, lakini alipoona mauti yanakaribia alitaka aletwe mchungaji yule yule. Spurgeon alipanda ngazi upesi, lakini alipofika, mgonjwa hakuweza tena kusikia wala kujibu. Akasimama kando yake, asiwe na la kufanya.

Hapa pana jambo ambalo wachungaji wengi hulijua lakini hulinyamaza. Mtu hodari huweza kuibeba huzuni ya nyumba moja, au ya nyumba kumi. Akizidishiwa huinama. Spurgeon alichoka mwili na moyo. Rafiki zake walikuwa wakianguka mmoja mmoja, naye akaanza kujiona kama anaugua vile vile. Siku moja, akirudi kutoka mazishini, alipita katika barabara iitwayo Great Dover Road, akaona karatasi iliyobandikwa katika dirisha la duka la fundi wa viatu. Haikuwa tangazo la biashara. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwa herufi nene, maneno ya Zaburi ya 91 yanayosema habari za mtu aliyemfanya Mungu kuwa makao yake. Alisimama akasoma, na mara moyo wake ukatulia. Akaendelea kuwazuru wagonjwa bila hofu, wala maradhi hayakumpata.

Fundi yule wa viatu hakuwa mchungaji, wala hakujua ni nani atakayepita. Alibandika karatasi yake akaendelea kushona. Lakini yeye ndiye aliyemhubiri mhubiri. Kanisa ambalo watu wake hungoja kufarijiwa tu, bila kumfariji anayewafariji, litamchosha mchungaji wake hata aanguke.

Walakini ni lazima kusema neno la haki juu ya Zaburi ile. Bila shaka walikuwako Wakristo wengi wa Southwark walioisoma, wakaiamini, na bado wakafa katika mwaka ule. Basi, je, imani yao ilikuwa pungufu? Mtu mwenye akili hawezi kusema hivyo mbele ya mjane. Zaburi si hirizi ya kufungwa shingoni ili maradhi yapite kando. Ilimpa Spurgeon ujasiri wa kwenda alikokuwa akiogopa kwenda, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kuponyoka kwake hakukuwa kipimo cha utakatifu wake, kama vile kufa kwa wengine hakukuwa hukumu juu yao. Mchungaji akisahau hili, faraja yake hugeuka kuwa kisu.

Tena, katika mitaa ile ile alimotembea Spurgeon, alikuwako mtu mwingine aliyekwenda nyumba kwa nyumba. Huyu alikuwa daktari, jina lake John Snow. Siku zile watu wengi, hata waganga wakubwa, waliamini kwamba kipindupindu huletwa na hewa chafu yenye kunuka. Snow aliamini kwamba huletwa na maji. Kusini ya mto palikuwa na kampuni mbili zilizouza maji katika njia zile zile, hata nyumba moja ikapata maji ya kampuni hii na jirani yake ya kampuni ile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamisha mahali pake pa kuteka maji mwaka 1852, ikateka juu ya mto, mbali na taka za mji. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuteka penye uchafu. Snow aliuliza kila nyumba iliyofiwa, maji yenu ni ya nani? Katika majuma 7 ya kwanza ya maradhi aliona kwamba, kwa kila nyumba 10,000 zilizonunua maji machafu, walikufa watu 315. Kwa kila nyumba 10,000 zilizonunua maji ya Lambeth, walikufa 37.

Hesabu hiyo inatosha kumfanya msomaji anyamaze kidogo. Majirani wawili waliishi chini ya mbingu moja, wakavuta hewa moja, na pengine wakasali katika kanisa moja. Tofauti yao ilikuwa bomba.

Kaskazini ya mto, katika mtaa wa Soho, maradhi yalilipuka usiku wa kuamkia Septemba 1854, na kwa muda wa siku 10 yakaua watu 500 na zaidi. Snow aliwashauri wakuu wa mtaa, na tarehe 8 Septemba wakaondoa mpini wa bomba la kisima cha Broad Street. Alikuwako huko kasisi kijana wa Kanisa la Kiingereza, Henry Whitehead, ambaye naye aliwazuru wagonjwa mchana na usiku. Whitehead hakukubali maneno ya Snow, akaanza kuuliza habari ili apate kuonyesha kwamba daktari amekosea. Lakini alikuwa mtu mwaminifu. Jinsi alivyozidi kuuliza ndivyo alivyozidi kuona kwamba daktari amesema kweli. Yeye ndiye aliyegundua habari za mtoto mchanga aliyeugua katika nyumba iliyo karibu na kisima, ambaye maji ya kufulia nguo zake yalimwagwa katika shimo la uchafu. Shimo hilo lilipochimbuliwa, lilionekana kuwa halikufika futi 3 kutoka kisimani, na matofali yake yameoza.

Kwa nini kasisi aliweza kugundua jambo ambalo wakaguzi hawakuligundua? Kwa sababu watu walimfahamu. Mwanamke aliyefiwa na mtoto hawezi kumweleza mgeni mwenye daftari mambo yote ya nyumba yake, lakini humweleza yule aliyekaa naye usiku wa msiba. Ule uaminifu wa kuwazuru watu ndio uliofungua mlango wa elimu. Kwa hiyo hapana sababu ya kuweka sala upande mmoja na usafi wa maji upande mwingine, kana kwamba ni maadui.

Kwa Spurgeon taabu haikuisha pamoja na kipindupindu. Jumapili jioni, tarehe 19 Oktoba 1856, alikuwa akihubiri katika jumba kubwa la Surrey Gardens, mbele ya maelfu ya watu, kwa kuwa kanisa lake halikuwatosha tena. Mara sauti zikapigwa kwamba kuna moto. Hapakuwa na moto wowote. Watu walikimbilia milangoni na kukanyagana katika ngazi, wakafa watu 7, na wengine wengi wakaumia vibaya. Spurgeon alikuwa na umri wa miaka 22, na wanawe pacha walikuwa na mwezi mmoja tu. Alivunjika moyo kiasi cha watu kuogopa kwamba hatahubiri tena. Magazeti mengine yalimshambulia. Alipelekwa nyumbani kwa rafiki, akakaa katika bustani akiwa kimya na mwenye machozi, mpaka moyo ukamrudia. Tarehe 2 Novemba alisimama tena mimbarani.

Na aliporudi kuhubiri katika jumba lile tarehe 23 Novemba, ibada ilikuwa ya asubuhi, si ya usiku.

Lakini jeraha la siku ile halikupona kabisa. Katika maisha yake yote Spurgeon alipatwa na vipindi vya huzuni nzito, wala hakuvificha. Katika chuo alichokianzisha mwaka 1856 kwa ajili ya kuwafundisha wachungaji, aliwapa vijana somo zima juu ya kuzimia kwa moyo wa mhubiri. Aliwaambia kwamba jambo hilo huwapata hata watu wema, na kwamba mara nyingine sababu yake si dhambi bali ni mwili uliochoka, vitabu vingi na ukosefu wa hewa safi. Aliwahimiza watembee nje na kupumzika. Mtu mwenye sifa kama yake, kusema hadharani kwamba huvunjika moyo, aliwaondolea wengi aibu waliyokuwa wakiibeba peke yao. Alifariki tarehe 31 Januari 1892 huko Menton, Ufaransa.

Mambo haya hayako mbali na watu wa Afrika ya Mashariki. Kipindupindu kiliipiga Unguja katika miaka ya 1869 na 1870, na daktari aliyekuwako huko, James Christie, akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1876. Katika Kenya kilirudi tena katika mwezi wa Oktoba 2022, na kuenea katika kaunti nyingi. Sasa asili yake yajulikana na dawa yake si ghali: maji yaliyochemshwa, choo kilicho mbali na kisima, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, na mgonjwa kunyweshwa upesi maji yenye chumvi na sukari wakati anapopelekwa hospitali. Tena chakula cha matangani kikiandaliwa kwa maji machafu huweza kuleta mazishi mengine.

Kwa hiyo mchungaji, mwalimu, karani au mzee wa kijiji anayeitwa wakati wa taabu ana kazi tatu. Aende kwa watu, kwa maana hakuna afarijiye kwa mbali. Aulize sababu kwa unyofu, na akubali jibu hata kama si lile alilolitarajia. Na anapochoka akiri kwamba amechoka, ili wengine wapate kumbandikia neno dirishani. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.