Mama wa Mlangoni

Sisi ni madaktari, ni mama, na tunapenda kuandika mashairi na kuchora. Wengi hutuuliza wakati tunaupata wapi. Tunaupata baada ya Alfajiri, kabla watoto hawajaamka.

Lakini juzi mmoja wetu alitoka zamu akakuta bintiye kamchora, koti jeupe, kasimama mlangoni.

"Mbona mlangoni?"

"Ndipo ninapokuona, mama."

Tulilia sote. Sasa kila Jumamosi baada ya Alasiri, kalamu na rangi tunazishika mkekani pamoja na watoto. Mashairi yamepungua, nyoyo zimetulia.

Bibi harusi mtarajiwa, kipaji ni amana, usikizike. Ila mchumba aulizwe mbele ya wazee, kabla ya nikaha: ukiwa zamu, mtoto atalala na nani? Mola atuwezeshe, amin.